Wameona Wangapi, Wamenunua Wangapi? Mjadala wa Vipimo vya Mitandaoni

Mada iliyo mezani inasema: "Anayetangaza mtandaoni bila kupima anatupa fedha zake." Zamani maneno hayo yalikuwa ya ofisi za matangazo za Nairobi na Dar es Salaam. Siku hizi yamefika hadi Kariakoo, ambako hata fremu ndogo ina ukurasa wa Instagram, na mwenye fremu ana kijana anayempigia picha, anayeziposti, kisha mwisho wa mwezi anamletea ripoti yenye michoro ya rangi.

Wazungumzaji nimewaunda mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika kila siku. Matukio ya dunia watakayoyataja ni ya kweli. Upande wa kutetea yupo Mpimaji, kijana anayesimamia kurasa za wafanyabiashara kwa malipo ya mwezi. Upande wa kupinga yupo Mama Vitenge, muuza vitenge na khanga mwenye wateja wa dukani na wa simu. Kati yao nimemweka Mhariri, mwanamke aliyefanya kazi magazetini kabla ya habari kuhamia kwenye simu, ili asiwe na duka la kulinda wala ripoti ya kuuza. Mimi ni mwenyekiti, na nimewaonya wote kwamba neno la kitaalamu lisiloelezwa halitaruhusiwa.

MWENYEKITI: Mpimaji, wewe ndiye mtetezi wa mada. Unapima nini hasa?

MPIMAJI: Asante mwenyekiti. Mama, shikamoo. Napima mambo mawili makubwa. La kwanza ni ufikiaji, yaani watu wangapi wameiona posti, kila mtu akihesabiwa mara moja tu. La pili ni mwitikio, yaani baada ya kuiona wamefanya nini: wamelaiki, wameandika maoni, wameshea, wamehifadhi, wametuma ujumbe. Kuna idadi ya tatu inayowachanganya wengi, nayo ni mara ambazo posti imeonekana. Chukua barabara iliyo mbele ya duka la mama. Ufikiaji ni vichwa vilivyopita. Kuonekana ni idadi ya mapito, maana yupo anayepita asubuhi, mchana na jioni. Mwitikio ni wale waliosimama, wakashika kitambaa, wakauliza bei.

MAMA VITENGE: Marahaba, mwanangu. Na waliotoa hela wakaondoka na mzigo wanaitwaje?

MPIMAJI: Hao nitawafikia, mama.

MAMA VITENGE: Mimi ndio naanza nao. Haya, endelea.

MPIMAJI: Tuseme ukurasa una wafuasi 20,000. Posti moja ya vitenge imewafikia watu 5,000. Ukijumlisha laiki, maoni, kushea na kuhifadhi unapata 250. Ukigawa kwa idadi ya wafuasi, mwitikio ni asilimia 1.25. Ukigawa kwa waliofikiwa, ni asilimia 5. Posti ni ileile, siku ni ileile. Anayetaka kumfurahisha mwajiri wake atapeleka asilimia 5, na anayetaka kumchongea mwenzake atataja ile 1.25. Ndiyo maana nasema hii ni kazi ya kitaalamu. Useme umegawa kwa nini, na mwezi ujao ugawe kwa kilekile. Bila hivyo huwezi kujua kama unapanda au unashuka, na fedha unayolipia matangazo unairusha gizani.

MAMA VITENGE: Mwenyekiti, huyu amenipa sababu ya kumshuku kabla sijaitafuta. Kama posti moja ina asilimia mbili na zote ni za kweli, mimi nitajuaje nimeletewa ipi? Nikuambie yaliyonikuta. Posti iliyokusanya laiki nyingi kuliko zote kwenye ukurasa wangu haina kitenge. Ni ya mtoto wa jirani akicheza singeli mlangoni pa duka. Vijana walifurahi, maoni yakajaa vicheko, hakuna aliyeuliza bei hata mmoja. Picha nyingine, ya kitenge cha kijani na dhahabu, ilipata laiki thelathini na kitu. Katibu wa kamati ya sendoff akaipiga skrinshoti, akaitupa kwenye kundi lao la WhatsApp, wakajadili usiku kucha. Kesho yake alikuja dukani na orodha ya sare za ukoo mzima. Safari hiyo ya ile picha, mashine yako iliiona?

MPIMAJI: Haikuiona. Mtu akishea kwa kitufe cha programu, inahesabika. Akipiga skrinshoti akaipeleka WhatsApp, kwangu ni kama haikutokea. Lakini mama, hilo halipingi kupima. Linaonyesha kipi kipewe uzito. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema hadharani kwamba watu kutumiana posti kwa ujumbe ni miongoni mwa ishara kubwa zinazoifanya posti isambazwe kwa watu wasiokufuata. Kwa hiyo laiki ni ya chini, kushea na kuhifadhi ni vya juu. Anayehifadhi picha ya kitenge ana fundi kichwani.

MAMA VITENGE: Hapo tumeelewana kidogo. Anayehifadhi huwa anarudi.

MHARIRI: Naomba niingie hapa, kwa sababu mnabishana kuhusu urefu wa kitambaa bila kuuliza futi kamba ni ya nani. Vipimo vyote hivi vimetengenezwa na kampuni inayouza matangazo. Ndiyo inayopima, ndiyo inayotoza, na ndiyo inayoamua nini kihesabiwe. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewapa watangazaji wastani mkubwa kupita kiasi wa muda ambao watu walitazama video. Kosa lilikuwa kwenye mgawanyo: muda wote wa kutazama uligawanywa kwa watu waliofika angalau sekunde 3, na walioikimbia video kabla ya hapo wakaachwa nje. Kampuni moja kubwa ya matangazo iliambiwa kwamba wastani huo ulikuwa umevimba kwa asilimia 60 hadi 80. Watangazaji walikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 2019 Facebook ikakubali kulipa dola milioni 40 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa la kisheria.

MPIMAJI: Lakini dada, walikiri, wakarekebisha.

MHARIRI: Walikiri baada ya vyumba vingi vya habari kuwa vimeshahamishia nguvu kwenye video. Sasa tazama neno "mtazamo". TikTok inauhesabu mara tu video inapoanza kucheza. Facebook kwa miaka mingi ilisubiri sekunde 3. YouTube ilikuwa na masharti yake kwa video fupi, kisha kuanzia Machi 31, 2025 ikaanza kuhesabu kila video fupi inapoanza au inaporudia kucheza, bila muda wa chini. Asubuhi hiyo idadi ingeweza kupanda hata kama hakuna mtazamaji mpya aliyezaliwa. Lakini sikiliza sehemu tamu: kwa ajili ya malipo, YouTube iliendelea kutumia hesabu ya zamani, ya watu waliobaki kutazama. Namba ya kujivunia ikalegezwa, ya kulipia ikabaki pale pale.

MAMA VITENGE: Kumbe na wao wana daftari lao la pembeni!

MHARIRI: Wanalo, mama. Kama wao wenyewe wanatofautisha namba ya maonyesho na namba ya fedha, mfanyabiashara wa Kariakoo ana sababu gani ya kuzichanganya?

MPIMAJI: Sikatai. Lakini mkumbuke pia kwamba majukwaa hujifunza. Mwaka 2012 YouTube iliacha kupendekeza video kwa kuangalia mibofyo tu, ikaanza kuangalia muda wa kutazama, kwa sababu watu walikuwa wakibandika picha za uongo na vichwa vya "utashangaa" ili mtu abofye. Na tangu mwaka 2018 mwenye chaneli anayetaka mgawo wa matangazo ya video ndefu alitakiwa awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 huzipati kwa hila ya picha peke yake.

MAMA VITENGE: Mbona vichwa vya "utashangaa" mpaka leo vimejaa?

MPIMAJI: Kwa sababu mtu anabofya kwanza, anaondoka baadaye. Mibofyo bado ni mlango.

MWENYEKITI: Tuje kwenye wafuasi. Mama, umewahi kushawishiwa kununua?

MAMA VITENGE: Mara nyingi. Kijana ananitumia ujumbe: wafuasi elfu moja bei hii, elfu kumi bei hii, wanaingia ndani ya siku mbili. Namuuliza wanaishi wapi, anacheka. Mimi mfuasi wa hewani atavaa kitenge changu saa ngapi? Lakini najua wenzangu walionunua, kwa sababu kampuni za bidhaa huwaangalia wenye idadi kubwa kabla ya kuwapa kazi ya kutangaza.

MHARIRI: Na soko hilo ni kubwa. Januari 2018 New York Times ilichapisha uchunguzi kuhusu kampuni ya Devumi iliyouza wafuasi bandia kwa watu maarufu na wafanyabiashara. Mwaka 2019 mamlaka ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na mwenye kampuni hiyo yaliyotaja adhabu ya dola milioni 2.5. Kabla ya hapo, Desemba 2014, Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo na Justin Bieber akapoteza wafuasi zaidi ya milioni 3. Julai 2018 Twitter nayo ikaacha kuhesabu akaunti ilizokuwa imezifunga kwa kuzitilia shaka, na hata akaunti ya Twitter yenyewe ikapungukiwa na mamilioni. Idadi inayoweza kupungua mamilioni usiku mmoja bila mtu kuhama haikuwa idadi ya watu.

MPIMAJI: Nami hapo nakuunga mkono, dada. Wafuasi wa kununua wanaharibu hata vipimo vyangu. Ukiwa na 30,000 na nusu yao ni hewa, posti inaonyeshwa kwanza kwa hewa, hewa hailaiki, algoridhimu, yaani programu inayoamua posti ionyeshwe kwa nani, inasema posti haina mvuto, inaikatia njia. Mtu amelipa ili afichwe.

MHARIRI: Hata wafuasi wa kweli lazima uulize ni akina nani. Mtazame Kili Paul, kijana wa Kitanzania aliyejulikana kwa kuigiza nyimbo za Kihindi akiwa amevaa mavazi ya Kimaasai. Mwaka 2022 ubalozi wa India mjini Dar es Salaam ulimtambua, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja katika hotuba yake ya redio. Kwake yeye, ufikiaji wa India ulikuwa mlango wa kazi. Sasa mpe mama ufikiaji uleule, watu milioni moja wa Mumbai na Delhi. Ripoti itang'aa, stoo itabaki imejaa.

MAMA VITENGE: Labda wanifungulie njia ya kuagiza vitambaa vya kule.

MHARIRI: Hilo nalo ni jibu, mama, lakini ni biashara nyingine. Ndiyo maana ukurasa wa takwimu una sehemu ya miji na umri, na ndiyo sehemu ambayo wengi hawaifungui.

MWENYEKITI: Mpimaji, kila ninapokusikia unakubali. Bado unaitetea mada?

MPIMAJI: Naitetea, tena kwa nguvu. Wote wawili mnanionyesha vipimo vibovu, kisha mnataka tuache kupima. Asiyepima anaongozwa na nini? Na hisia za bosi, na shemeji aliyesema "ile picha ilikuwa nzuri". Zamani tuliweka bango barabarani na hakuna aliyejua kama lilimleta mteja hata mmoja. Katika mahusiano ya umma ilikuwepo hata desturi ya kuchukua ukubwa wa habari gazetini na kuikadiria kwa bei ya tangazo, ikaitwa faida. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikutana Barcelona wakakubaliana kwamba hesabu hiyo haionyeshi thamani ya mawasiliano, na kwamba ni bora kupima matokeo kuliko kuhesabu ulichokitoa. Mama akilipia tangazo leo, angalau tuna pa kuanzia.

MAMA VITENGE: Pa kuanzia tunapo. Tatizo ni pale unapoishia. Mwenyekiti, nina shtaka. Huyu kijana ndiye aliyenikataza kuandika bei kwenye picha!

MPIMAJI: Mama, hilo ni la ndani.

MAMA VITENGE: Liwe la nje leo. Aliniambia niandike "bei njoo inbox". Kweli, ujumbe ukajaa, maoni yakajaa, kila mtu "bei gani?", "bei gani?". Nikawa najibu bei tangu alfajiri, mchele unaungua jikoni. Wengi wakisikia bei, kimya. Mwezi mmoja nikamgomea, nikaandika bei kubwa wazi juu ya kila picha. Maoni yakapungua, ujumbe ukapungua, ripoti yake ikawa na mishale myekundu. Mauzo yalikuwa yaleyale, na mimi nikalala usingizi.

MPIMAJI: Ni kweli. Mwitikio ulishuka.

MAMA VITENGE: Ulioshuka ni usumbufu, wewe uliuita mwitikio.

MHARIRI: Hapo ndipo mada nzima ilipo, mwenyekiti. Kijana analipwa kwa kuonyesha mwitikio, kwa hiyo anapanga mambo ili mwitikio upande, hata ukimchosha mteja. Wachumi wanalijua jambo hili kwa jina la Charles Goodhart, Mwingereza aliyeandika mwaka 1975 akiwa Benki Kuu ya Uingereza: uhusiano wa takwimu ukianza kutumiwa kuendesha mambo, huacha kutegemeka. Alizungumzia sera za fedha, lakini angeweza kuwa anazungumzia inbox ya mama.

Na haiishii dukani. Mwaka 2017 Facebook iliamua kwamba alama ya hisia, pamoja na ile ya uso wenye hasira, ihesabiwe mara 5 ya laiki katika kuamua nini kionekane. Hasira ikawa na bei. Wafanyakazi wa ndani walionya kwamba posti zinazochukiza zitapanda. Uzito wa hasira ulipunguzwa kidogo kidogo, na Septemba 2020 ukafanywa sifuri. Kwa miaka hiyo, aliyeandika kwa utulivu kuhusu mgogoro wa ardhi alishindana na aliyeandika matusi, na mizani ilimpendelea mwenye matusi. Mwandishi akiona kwamba tusi linampa ufikiaji, atajizuia hadi lini? Hapo ndipo kiki, yaani kelele za kutafuta umaarufu, inapozaliwa.

MPIMAJI: Lakini dada, mbona hutaji upande wa pili? Kenya, Juni 2024. Vijana walianza mtandaoni na alama ya reli ya kuukataa Muswada wa Fedha. Waliutafsiri muswada kwa lugha za watu, wakaueleza kwa video fupi, wakasambaza namba za simu za wabunge, wakachangishana fedha kwa simu. Tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Aliyekuwa akipima mwitikio mapema aliliona wimbi likija. Aliyesema "hizo ni laiki tu" aliamka amechelewa.

MHARIRI: Mfano huo naupokea, na nauweka kando ya mwingine wa nchi hiyohiyo. Septemba 2021 Mozilla Foundation ilitoa utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu kampeni za kulipwa kwenye Twitter ya Kenya. Washawishi walikuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni, wakiungana kusukuma alama ya reli hadi ipande kwenye orodha ya mada zinazovuma, na baadhi ya kampeni hizo ziliwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kuibadilisha katiba ya Kenya. Twitter iliondoa akaunti zaidi ya mia moja. Kwa mtu aliyetazama orodha ile asubuhi, alama ya reli ya mwaka 2021 na ya 2024 zilionekana sawa, zote zinavuma. Utazitofautishaje?

MPIMAJI: Kwa kuangalia nani anaandika, maneno yao kama yanafanana, na kama posti zinaanza dakika moja kisha zinakoma pamoja.

MHARIRI: Na kwa jambo moja zaidi. Mwaka 2024 mwitikio ulitoka kwenye skrini. Watu walipiga simu, walitoa fedha, walikwenda barabarani. Mwaka 2021 uliishia ulipolipiwa. Kipimo cha mama cha mteja aliyetoa hela akaondoka na mzigo ndicho hichohicho.

MAMA VITENGE: Sasa mmeanza kunielewa.

MWENYEKITI: Mhariri, ungependa basi namba zifichwe? Instagram ilijaribu kuficha idadi ya laiki katika nchi kadhaa mwaka 2019, na mwaka 2021 ikaacha kila mtu achague.

MHARIRI: Kwenye chumba cha habari, ndiyo. Mwandishi asione idadi ya kila habari yake kila saa. Aone mara moja kwa mwezi, akiwa na mhariri wake, na waulizane habari ipi ilileta barua, simu, marekebisho ya ofisi fulani. Habari ya dawa kukosekana zahanati inaweza kusomwa na wachache, lakini wakiwemo mganga mkuu wa wilaya na diwani, imefika.

MPIMAJI: Mimi napinga. Kumficha mwandishi hakuifichi namba kwa mwenye jukwaa wala kwa mwajiri. Wao wataendelea kuiona na kuamua kwa kuitumia, na mwandishi atakuwa hajui anahukumiwa kwa nini. Kama namba ina nguvu juu yangu, nipeni niione.

MHARIRI: Hoja hiyo ni nzito kuliko zote ulizotoa leo.

MAMA VITENGE: Na mimi namuunga mkono hapo. Usinifiche hesabu yangu. Niachie mimi niamue ipi ya kutazama.

MWENYEKITI: Mama, wewe unatazama ipi?

MAMA VITENGE: Nina daftari la mistari. Kila mteja namuuliza, "Umetuona wapi?" Naandika: Instagram, stetasi ya WhatsApp, kaelekezwa na mtu, kapita tu. Naandika kachukua nini. Pembeni naweka alama kama amewahi kuja. Mwisho wa mwezi najumlisha. Nimegundua stetasi inauza kuliko Instagram, na stetasi inadumu saa 24 tu, tena inanionyesha majina ya waliotazama, si namba peke yake.

MPIMAJI: Na hata hayo majina hayajakamilika, mama. Aliyezima alama za kusoma ujumbe anatazama bila wewe kumwona.

MAMA VITENGE: Basi wapo wengi kuliko ninaowajua. Afadhali.

MPIMAJI: Mwenyekiti, niseme jambo. Nilikuja nikidhani mama hapimi. Mama anapima kuliko wengi wa wateja wangu. Naomba nichanganye daftari lake na kazi yangu, tuone. Tuseme tumelipia tangazo la Sh 30,000. Limewafikia watu 12,000: hapo kila watu elfu wamegharimu Sh 2,500. Ujumbe umekuja 60, kila mmoja Sh 500. Walionunua ni 9: kila mteja Sh 3,333. Faida ya mama kwa doti moja tuifanye Sh 4,000. Jumla ya faida ni Sh 36,000, ukitoa tangazo inabaki Sh 6,000.

MAMA VITENGE: Na bando? Na muda wangu wa kujibu watu 60?

MPIMAJI: Ukitoa hivyo, pengine hakuna kilichobaki. Ripoti yangu ya zamani ingesema "tumefikia watu 12,000, hongera". Lakini daftari likionyesha kwamba watatu kati ya wale 9 walirudi mwezi uliofuata bila tangazo, hesabu inageuka tena. Kwa hiyo namba yangu bila daftari lake ni nusu, na daftari lake bila namba yangu halisemi kwa nini watu 51 waliuliza wakaondoka.

MAMA VITENGE: Hao 51 nawajua. Waliona rangi kwenye picha, wakaja wakakuta kitambaa si rangi ile. Ile taa yako ya duara inadanganya.

MPIMAJI: Hilo halimo kwenye takwimu yoyote.

MAMA VITENGE: Ndiyo maana ninakaa dukani.

MPIMAJI: Nina njia rahisi za kuunganisha hesabu hizi. WhatsApp ya biashara ina lebo: mteja mpya, amelipa, anasubiri, amerudi. Tangazo la Instagram lipewe neno lake la punguzo, la stetasi lipewe lingine, mteja akilitaja tunajua katoka wapi. Na tujaribu kitu kimoja kwa wakati. Wiki hii picha yenye bei, wiki ijayo isiyo na bei, mengine yote yabaki vilevile. Tukibadilisha picha, bei na saa ya kuposti kwa pamoja, hatutajua kipi kilileta nini.

MHARIRI: Na mkipata matokeo ya wiki mbili, msiyafanye sheria. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, wiki ya Idi watu wana haja ya nguo. Linganisheni mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi.

MWENYEKITI: Nafunga mjadala. Uamuzi wa kiti ni huu.

Mada imepita, kwa masharti. Anayetangaza bila kupima anatupa fedha, lakini anayepima namba alizoletewa na jukwaa na kuishia hapo anazitupa pia, akiwa na michoro mkononi. Ufikiaji unajibu swali moja tu, kama umeonekana, na jibu lenyewe halina maana bila kujua umeonekana na nani na wapi. Mwitikio unaonyesha kama umewagusa watu, ila haumtofautishi aliyefurahi na aliyechukizwa, wala mteja na mpita njia anayeuliza bei. Kinachobaki ni kitendo kilichofanyika nje ya skrini: aliyenunua, aliyerudi, aliyepiga simu, ofisi iliyorekebisha jambo. Hicho jukwaa halikipimi kwa niaba yako, kwa sababu si biashara yake.

Msimamizi wa kurasa asilipwe kwa laiki, maana atazileta. Mkataba wake utaje swali la biashara, na ripoti yake ianze na mauzo au matokeo, kisha irudi nyuma kueleza yalitoka wapi. Namba yoyote isiyobadilisha uamuzi wa mwezi ujao iondolewe kwenye ripoti, hata kama inapendeza. Kuhusu kuwaficha waandishi namba zao, kiti hakikushawishika: waonyeshwe, lakini wasihukumiwe kwayo peke yake.

Na wewe msomaji mwenye ukurasa, kabla hujafungua sehemu ya takwimu, andika kwanza swali unalotaka lijibiwe na uamuzi utakaoufanya jibu likiwa ndiyo au hapana. Ukikosa swali, weka simu chini ukamhudumie mteja aliye mbele yako.